Zizi Imara Huokoa Mbuzi, na Chui Pia

Maneno haya yanawahusu ninyi mnaokaa katika vijiji vya nyuma ya machimbo: kando ya Kilo na Mongbwalu, katika vilima vya Djugu na Irumu, na katika barabara itokayo Bunia kupita Komanda hadi Mambasa na Epulu. Wengi wenu mna mbuzi wachache, na kuku, na pengine ng'ombe mmoja au wawili. Tutaeleza jambo moja tu, ndilo hili: namna ya kufungia wanyama usiku, hata mnyama mkali asiwapate. Mtu akifanya hivyo vema atapata faida mbili. Mifugo yake itabaki hai, naye chui atarudi msituni bila kuuawa. Someni polepole, kisha wasomeeni wazee wasiojua kusoma.

1. Mbuzi ni akiba ya nyumba

Zahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903. Tangu siku zile watu wengi wameishi kwa zahabu, nanyi mnaijua tabia yake. Mwezi huu shimo linatoa, mwezi ujao linatoa maji na matope tu. Lakini mbuzi hafanyi hivyo. Mbuzi yupo siku ya kulipa karo ya shule, yupo siku mtoto anapopelekwa hospitali, yupo siku ya mahari. Tena mnakumbuka vita vya mwaka 1999 hadi 2003, na taabu iliyoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017. Makundi mengi ya ng'ombe yaliporwa. Jamaa nyingi zilianza upya na mbuzi watatu au wanne. Kwa watu hao mbuzi mmoja si kitu kidogo.

Hebu tufanye hesabu. Mbuzi jike hubeba mimba kwa miezi 5. Akiwa na afya aweza kuzaa mara 3 katika miaka 2, na mara nyingi huzaa pacha. Lakini tusihesabu pacha. Tuseme watoto 3 tu wamekua katika miaka hiyo 2. Basi chui akimchukua jike mmoja usiku wa leo, usiseme, "Nimepoteza mbuzi mmoja." Umepoteza wanne.

2. Kwa nini chui huja kijijini

Chui ni mnyama wa usiku, hutembea peke yake, na chakula chake ni nyama ya porini: mboloko, nguruwe wa mwitu, nyani, na wanyama wengine wadogo. Akivipata hivyo hana haja ya kukaribia moshi na mbwa na sauti za watu. Lakini tazama mambo yalivyo karibu na machimbo. Kambi ikiongezeka, midomo inaongezeka. Wawindaji huingia msituni na bunduki na mitego ya waya, nao huuza nyama kambini kwa wachimbaji. Baada ya miaka michache msitu ule una miti tu, hauna wanyama. Chui aliyebaki ana njaa. Anapita usiku nyuma ya nyumba, anaona mbuzi amefungwa kwa kamba penye mgomba. Mbuzi huyo hawezi kukimbia, hawezi kujificha. Je, chui atamwacha?

Asubuhi mwenye mbuzi anaona damu na kamba iliyokatika. Anakasirika, na hasira yake ina haki, maana mali yake imekwisha. Lakini afanye nini baada ya hapo? Wengine hutega waya, wengine hutia sumu katika mzoga. Njia hizo mbili zina hasara kubwa kuliko hasara ya kwanza.

Waya hauchagui mnyama. Umeutega kwa ajili ya chui, lakini atapita mbwa wako mwenyewe, au mbuzi wa jirani, au okapi. Okapi hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote duniani ila Kongo. Kwa ajili yake hasa ilifanywa hifadhi ya Epulu mwaka 1992, yenye ukubwa wa kilometa za mraba karibu 13,700. Mwaka 1996 hifadhi hiyo iliandikwa katika urithi wa dunia, na mwaka 1997 ikaandikwa kuwa imo hatarini. Mwaka 2013 okapi mwenyewe akatiwa katika orodha ya wanyama walio karibu kwisha. Kambi za zahabu zimeingia mpaka ndani ya hifadhi, na mitego ya waya hufuata kambi. Okapi mmoja aliyekwama mguu katika waya uliotegewa chui ni hasara ya nchi nzima.

Sumu ni mbaya zaidi. Mwezi wa Aprili mwaka 2018, katika kijiji cha Hamukungu, ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth huko Uganda, simba 11 walikutwa wamekufa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Ilidhaniwa kwamba walilishwa sumu. Mbuga hiyo inapakana na Virunga yetu. Tena sumu haiishii kwa mnyama wa kwanza. Fisi akila mzoga anakufa, tai wakishuka wanakufa, mbwa akilamba anakufa. Mwaka 2015 aina nne za tai wa Afrika ziliandikwa kuwa katika hatari kuu ya kwisha, na sumu ni sababu moja kubwa. Nao tai ndio wanaosafisha mizoga, kusudi maradhi yasienee. Zaidi ya hayo, katika nchi ya machimbo watu wana njaa ya nyama. Mtu asiyejua akiukuta mzoga ule njiani, akaukata na kuuza kambini, nani atakufa? Sheria ya uwindaji ya Kongo haikubali sumu.

3. Chui naye ana kazi

Labda utasema, "Chui akiisha kabisa, mimi nitapumzika." Ngoja kwanza usikie habari za Ghana. Huko askari wa pori walihesabu wanyama wa hifadhi zao tangu mwaka 1968 hadi 2004. Katika baadhi ya hifadhi simba na chui walikwisha. Ndipo nyani wakazidi sana, kwa kuwa adui zao hawapo. Nyani hao wakatoka porini wakaingia mashambani, na wenye mashamba wakapata kazi mpya ya kuwafukuza kutwa. Mahali pengine watoto walizuiwa wasiende shule, wapate kulinda mahindi.

Ninyi mnaolima muhogo, mahindi na karanga pembeni mwa msitu mnawajua nyani na nguruwe wa mwitu. Chui huwapunguza bila kudai mshahara. Basi haifai kumwua mlinzi wa shamba kwa sababu mlango wa zizi ulikuwa mbovu. Yafaa kutengeneza mlango.

4. Mfano wa Simanjiro na Kitengela

Jambo hili limejaribiwa, na matokeo yake yanajulikana. Katika wilaya ya Simanjiro, Tanzania, Wamasai hufuga ng'ombe karibu na simba, chui na fisi. Desturi yao ya zamani ni kuzungusha boma la matawi ya miiba. Boma la namna hiyo ni zuri likiwa jipya. Lakini miiba hukauka, mchwa hula, matundu hutokea, na kila mara miti mingine hukatwa ili kuziba. Tangu mwaka 2008 wafugaji hao, pamoja na chama cha Tanzania People and Wildlife, walianza kufanya boma la namna nyingine. Nguzo zake ni miti hai: hukata tawi nene la mti ambao huota ukichomekwa ardhini, wakalipanda, nalo likatoa mizizi na majani. Juu ya miti hiyo wakafunga wavu wa waya mnene. Miti inapokua, boma linazidi nguvu, halipungui. Mwenye boma hutoa sehemu ya gharama, na kazi ya kupanda miti ni yake.

Wataalamu walizichunguza boma zaidi ya 60 za namna hiyo kwa miaka kadhaa, nao wakaandika habari zake mwaka 2015. Mashambulio ya usiku ndani ya boma hizo yalikuwa karibu hayapo kabisa. Ng'ombe walipoacha kufa, vijana hawakuwa na sababu ya kuchukua mikuki kumfuata simba asubuhi. Sasa boma hizo zimepita 1,000. Tangu mwaka 1993 hadi 2014 simba wa Afrika walipungua karibu nusu, basi kila mahali ambapo simba hauawi kwa kisasi ni faida kubwa.

Mfano wa pili ni wa Kenya. Kusini mwa mbuga ya Nairobi, iliyofanywa mwaka 1946, hakuna ua kama pande zake nyingine, na simba hutoka huko kwenda Kitengela kula ng'ombe. Mtoto mmoja wa Kimasai, Richard Turere, alikuwa na kazi ya kulinda ng'ombe za baba yake. Alijaribu moto, simba hawakuogopa. Alijaribu sanamu ya mtu; siku ya kwanza simba walirudi nyuma, siku ya pili waliona kuwa haisogei, wakaingia. Usiku mmoja alitembea na tochi akaona kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 tu, alichukua betri kuukuu ya motokaa, balbu za tochi mbovu, na kifaa kile cha pikipiki kinachowasha na kuzima taa ya kugeukia njia, akazifunga taa kuzunguka zizi. Taa zikamulika moja baada ya nyingine, kama mtu anayetembea na tochi. Simba wakaacha kuja, na majirani wakamwomba awafanyie vilevile. Ninyi mliozoea pikipiki na taa za machimbo mnavyo vitu hivyo hivyo mikononi. Lakini kumbukeni, taa ni msaidizi wa ua. Haishiki mahali pa ua.

5. Je, tuzungushe ua msitu mzima?

Wengine huuliza, "Kwa nini Serikali isifunge msitu wote, wanyama wakae ndani, nasi tukae nje?" Jambo hilo limefanywa mahali pengine. Huko Kenya milima ya Aberdare ilizungushiwa ua wa umeme wa kilometa karibu 400. Kazi ilianza mwaka 1989 ikaisha mwaka 2009. Tembo hawaharibu tena mashamba kama zamani, na miti ya mlima haikatwi ovyo. Faida ni kubwa, lakini ilichukua miaka 20, tena yahitaji walinzi kila siku wa kutazama nyaya na kufyeka majani.

Huko Australia uko ua mrefu kuliko huo, zaidi ya kilometa 5,000, wa kuwazuia mbwa-mwitu wao wasile kondoo. Kondoo walipona. Lakini upande usio na mbwa-mwitu, kanguru walizidi wakashindana na kondoo kwa majani. Ua mkubwa hugeuza nchi nzima, na mtu hajui kwanza utageuza nini.

Kwa hiyo msingoje ua wa msitu. Ukiwa na mbuzi 10, kinachohitaji kufungwa ni wale mbuzi 10, kwa saa 12 za usiku. Ua wa namna hiyo waweza kuujenga wewe na ndugu zako, nao hauzuii mnyama wa porini kupita njia yake.

6. Jua kwanza adui yako ni nani

Usijenge kabla ya kujua unamzuia nani. Asubuhi baada ya hasara, usiwaache watu wakanyage mahali pale. Tazama alama.

Chui huuma koo, kisha huuburuta mzoga mbali au kuupandisha mtini. Mara nyingi huchukua mnyama mmoja. Nyayo zake ni za mviringo, wala huoni kucha. 

Mbwa wanaozurura huuma miguu na matako, huwajeruhi wengi kwa mara moja, na nyayo zao zinaonyesha kucha. Chui husingiziwa mara nyingi kwa kazi ya mbwa wa kambini.

Fisi, mahali walipo, hujipenyeza chini ya ua au huvunja palipo dhaifu. 

Fungo, kanu na nguchiro huwaua kuku, nao hupita katika tundu dogo sana. 

Mtu mwivi hukata kamba kwa kisu, hakuna damu, na nyayo zake unazijua.

Kama ni mwivi, dawa yake ni kufuli, mbwa na majirani. Kama ni mnyama, fuata maneno yafuatayo.

7. Namna ya kujenga zizi la mbuzi

Chui aweza kuruka juu karibu meta 3, tena ni fundi wa kupanda. Ndiyo maana kwa mbuzi ua peke yake hautoshi. Lazima zizi liwe na paa. Yafaa liwe kibanda chenye miguu, hivi:

Kwanza, chagua mahali pakavu, karibu na nyumba yako, pasipo mti wa kuegemea. Fyeka majani na vichaka pande zote, meta 10 au zaidi, chui asipate mahali pa kujificha.

Pili, pima ukubwa. Mbuzi mzima ataka meta moja ya mraba, hata moja na nusu. Mbuzi 10 basi wataka kibanda cha meta 5 kwa 3. Usiwasonge, mbuzi waliosongwa huambukizana ugonjwa.

Tatu, simamisha nguzo za mti mgumu au za mkalitusi, kwa nafasi ya meta 2. Ondoa magome, uchome kwa moto sehemu itakayoingia ardhini mpaka iwe nyeusi, mchwa wasiile upesi. Fukia nguzo santimeta 60.

Nne, weka sakafu ya fito juu ya ardhi kwa kimo cha meta moja. Acha nafasi ya santimeta moja na nusu kati ya fito na fito. Mavi yataanguka chini, na mguu wa mbuzi hautakwama. Mbuzi akilala pakavu haozi kwato, wala hali majani yaliyochafuliwa na mavi yenye minyoo.

Tano, ziba pande zote kwa fito zilizosimama karibu karibu, au kwa mianzi, au kwa wavu wa waya uliopigiliwa juu ya fito. Mkono wako usipite. Upande wa juu acha nafasi ndogo za hewa, lakini zifunge kwa wavu.

Sita, ezeka paa kwa mabati, au kwa majani juu ya fito nene. Majani peke yake chui atayapasua; fito chini yake ndizo zitakazomzuia. Waweza kutumia mabati ya mapipa ya machimbo, ila usitumie pipa lililobeba dawa ya kuoshea zahabu, wala usifanye birika la maji kwa pipa hilo.

Saba, tengeneza mlango vema. Mlango ndio unaoshinda mazizi mengi. Uwe wa mbao au mabati, ufunguke kwa nje, ubane pande zote, na komeo lake liwe la chuma au mti mgumu. Kamba si komeo. Ngazi ya kupandia mbuzi iondolewe kila jioni.

8. Ua wa ng'ombe

Ng'ombe hawawezi kuingia kibandani. Kwa hao fanya ua wa miti hai kama wa Simanjiro. Chagua mti wa kwenu ambao tawi lake huota likichomekwa: mtini ule ambao magome yake hupondwa kuwa nguo, au mti wa miiba wenye maua mekundu. Wazee wanaijua. Kata matawi manene kama mkono, marefu meta 2 na nusu, uyapande mwanzo wa mvua kwa kina cha santimeta 50, karibu karibu. Ukipanda minyaa, chunga utomvu wake usiingie machoni, maana hupofusha.

Ukipata wavu wa waya, ufunge juu ya miti hiyo kwa kimo cha meta 2. Upande wa chini, ufukie wavu santimeta 30, au ukunje uelekee nje na kuulalia mawe, mnyama asichimbe. Tena kumbuka jambo hili: simba na fisi hawaingii kila mara. Mara nyingine hunguruma na kuzunguka mpaka ng'ombe wanashtuka na kuvunja ua wenyewe, kisha wanauawa nje. Kwa hiyo ua uwe na nguvu upande wa ndani vilevile. Ndama wawe na chumba chao katikati.

9. Nyumba ya kuku

Wavu wa matundu makubwa haufai kwa kuku, kwani kanu hupita. Matundu yasizidi santimeta 2 na nusu. Inua nyumba ya kuku kwa miguu minne, na kila mguu uuvishe bati laini kama mkanda mpana, mnyama ateleze. Sakafu isiwe na tundu. Funga kabla ya jua kuzama.

10. Kazi ya kila siku

Zizi zuri lenye mlango wazi ni bure. Weka desturi hii nyumbani mwako. Mtu mmoja awe na kazi ya kuwarudisha wanyama kabla ya jua kuzama. Awahesabu. Akikosekana mmoja, atafutwe kukiwa bado na nuru. Mtu mzima atazame komeo kabla ya kulala. Kila Jumamosi zunguka ua, sukuma kila nguzo kwa mkono, na paliposhindwa patengenezwe siku hiyo hiyo. Mchana usiwaache mbuzi peke yao pembeni mwa msitu. Wawe na mchungaji na mbwa, maana zizi hulinda usiku tu.

Mavi yaliyoanguka chini ya kibanda yakusanye kila wiki, uyafunike kwa majani yakae miezi 2 au 3. Kisha tia katika maharagwe, mboga au viazi. Mbuzi aliyetawanyika usiku hakupi mbolea. Mbuzi aliyelala zizini hukupa mbolea mwaka mzima, na shamba litakuonyesha faida hiyo hata kama chui hajawahi kufika kwako.

11. Gharama, na namna ya kusaidiana

Miti, fito na majani ni kazi ya mikono. Vinavyotaka fedha ni wavu, misumari, bawaba na mabati. Wengi watasema, "Wavu ni ghali." Ni kweli. Basi andika katika daftari wanyama wote uliopoteza usiku kwa miaka 3, uandike na bei ya kila mmoja. Peleka hesabu hiyo kwa mwenye duka la vyuma Bunia, uilinganishe na bei ya wavu. Ndipo utajua kipi ni ghali.

Tena mnayo njia yenu ya kusaidiana. Mnajua likelemba: kila mmoja huweka fedha, na kila mwezi mmoja hupokea. Jamaa 8 au 10 za kijiji wafanye likelemba ya mazizi. Mwezi wa kwanza wanunue wavu wa nyumba moja, na wote waje kujenga siku moja. Mwezi wa pili nyumba nyingine. Anzeni kwa mjane na kwa mtu anayekaa karibu na msitu kuliko wote. Chui akikuta zizi moja bovu kati ya mazizi 9 mazuri, atakula pale, na kila usiku atarudi kijijini.

Zizi hili halimzuii mtu mwenye silaha. Taabu hiyo ni ya namna nyingine, nayo yataka dawa nyingine. Lakini hasara ya chui, ya mbwa na ya fungo, hasara hizo mnaweza kuzizuia kwa mikono yenu mwaka huu.

12. Kama chui amekwisha kuja

Usimfuate msituni, chui aliyejeruhiwa huua watu. Usitege waya. Usitie sumu. Mwambie chifu wa kijiji, naye apeleke habari kwa watumishi wa hifadhi au wa kilimo. Usiku huo huo waingize mbuzi wote katika nyumba yenye mlango. Chui huenda akarudi kwa mzoga wake usiku wa pili na wa tatu. Akikuta hapana mbuzi aliyefungwa nje, atakwenda zake.

Maneno ya kukumbuka

1. Mbuzi asilale nje, wala asifungwe kwa kamba usiku.
2. Zizi la mbuzi liwe na paa.
3. Mlango uwe na nguvu kuliko ukuta.
4. Fyeka vichaka pande zote za zizi.
5. Hesabu wanyama kabla ya jua kuzama.
6. Tazama alama kabla ya kumlaumu chui.
7. Sumu na waya huua hata wale usiotaka kuwaua.
8. Jengeni pamoja, na mwanzie kwa aliye karibu na msitu.

Wakati wa kukata miti ya ua ni kabla ya mvua, na wakati wa kuipanda ni mvua za kwanza. Anayetaka kuanza, na achague mahali na kupima wiki hii.